Ghorofa ya Arobaini na Moja

Asubuhi Ambilikile aliniuliza kama maua yameanza, nikamwambia bado. Nilikuwa dirishani nikiyatazama. Uwanda wote wa Kitulo ulikuwa umegeuka wa njano mpaka pale ukungu unapoanzia, na mimi nikasema bado, kwa sababu aliingia chumbani maua yakiwa yamechanua, na akijua yamechanua tena atajua mwaka umekwisha.

"Dada Tuse," akasema, "hesabu unaziweza. Uongo huuwezi."

Sauti iliyosema hivyo haikuwa yake. Ilikuwa ya mashine, ile inayotangaza vituo kwenye treni, mwanamke asiye na haraka wala mafua. Ambilikile hakuwa na koo la kutolea sauti. Alikuwa na maneno tu, na maneno yale yalijiandika pembezoni mwa chumba alichomo, kwenye ukuta wa vipokezi ambao kazi yangu ilikuwa kuutunza. Mashine iliyasoma, mimi nikajibu kwenye kipaza sauti, na ukuta ukampelekea yangu. Ukichungulia chumbani kupitia kioo ulikuwa unaona sakafu tupu na taa.

Alikuwemo, ila hakuwa mahali popote mle ndani. Mkewe, Atuganile, alinipigia simu kutoka Tukuyu mara nyingi akitaka nimweleweshe hilo, na kila mara nilianzia mwanzo.

"Wifi, spini ni namba ya jinsi kitu kinavyojizungusha. Mwanga una spini moja," nilimwambia. "Uvutano, huu unaoangusha sufuria, una spini mbili. Watu wa fizikia wakajiuliza, kwa nini tuishie mbili? Tuongeze ya tatu."

"Mkaongeza."

"Tukaongeza. Lakini ukimwalika wa tatu, wa nne anauliza kosa lake nini. Ukimwalika wa nne, wa tano yuko mlangoni. Unajikuta umeita ukoo mzima, na ukoo wenyewe hauna mwisho."

"Harusi za kwetu hizo," alisema Atuganile, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nikamsikia akicheka.

Sehemu iliyobaki haikumchekesha. Kila mmoja katika ukoo ule huja na sheria yake, kitu chake ambacho lazima kihifadhiwe. Wakishafika wote, ulinganifu wao, ile hali ya mambo kubaki yale yale hata ukiyageuza, unakuwa umekamilika, na sheria ni nyingi mno hata vitu viwili haviwezi kugongana bila kuvunja mojawapo. Basi havigongani. Vinapishana, kila kimoja na njia yake. Hata rula haina maana humo, kwa sababu ulinganifu ule unairefusha na kuifupisha bila kosa lolote, na neno mbali linakuwa sawa na neno karibu. Ndiyo maana Mradi wa Njia Fupi uliupenda. Mtu aingie Kitulo, ulinganifu uwashwe, uzimwe, atokee Mafinga. Ambilikile alikuwa fundi wa mitambo wa kituo chetu na alijitolea kuwa wa kwanza. Ulinganifu uliwaka vizuri kabisa. Ulipofika wakati wa kuuzima, mashine ya Mafinga ilikataa kumtoa na ya kwetu ikakataa.

Kituo kilijengwa kwa watu wengi. Wenzangu walihamishwa mmoja mmoja, kila mmoja akiacha kikombe chake jikoni. Nilibaki mimi kwa sababu ukuta ulihitaji mtu wa kuusikiliza, na kwa sababu sina anayenisubiri popote. Vikombe vile nilikuwa naviosha ingawa hakuna aliyevinywea.

Kabla hajaingia, mimi na Ambilikile hatukuwa watu wa kuzungumza. Yeye alisema, "Habari za asubuhi, Daktari," mimi nikainua mkono na kupita, kichwa kikiwa kwenye milinganyo. Ukuta ndio uliotukutanisha. Mwezi wa kwanza alinieleza vifaa vya kituo nisivyovijua. Wa pili aliniuliza nakula nini, nikamwambia viazi, akauliza navichemshaje, nikamwambia namenya, natia chumvi, nachemsha. "Ndiyo maana huna mgeni," akasema. Akanifundisha anavyochemsha mama yake: na maganda, bila chumvi, maji yakikaribia kukauka ndipo unanyunyizia chumvi, unafunika kwa jani la mgomba, unaacha vijipike kwa mvuke wake. Jani la mgomba Kitulo sikulipata, kuna baridi mno kwa migomba. Atuganile alinitumia furushi zima.

Baadaye akaacha kuniita Daktari.

*

Nilikuwa nimeshajua kwa siku kadhaa kwa nini mashine inakataa. Niligundua mchana mmoja wa mvua, nikikagua jinsi ilivyopangwa, na nilipogundua nilimpigia Mhandisi Mutabuzi, aliyeisanifu. Kazini ule ukoo wa spini tunauita mnara, kila spini ghorofa yake.

"Mhandisi, mnara wa spini mliukata?"

"Kwenye arobaini," alijibu, kama mtu aliyeulizwa kama alipiga mswaki. "Kila mtu hukata, Daktari. Nani anaweza kujenga ghorofa zisizo na mwisho?"

"Kila mtu hukata kwenye ulimwengu mdogo."

Akarudia neno hilo, mdogo, na nikajua ameelewa. Sisi sote wa kazi hii tumelelewa kwenye ulimwengu mdogo. Ni ulimwengu wa hesabu tu, wenye urefu na upana bila kimo, bapa kama meza, na wanafunzi huanzia huko kwa sababu milinganyo yake ni laini. Kule ukoo wa spini unakubali kukatwa. Unasema naalika mpaka wa arobaini, na wa arobaini na moja anabaki kwao bila kinyongo. Mtu anasoma huko miaka, mkono unazoea kukata, halafu anakuja kwenye ulimwengu huu wenye kimo na anakata tena bila kufikiri. Hapa ukoo haukubali. Ghorofa usizozijenga zinajijenga zenyewe.

"Tulijaribu na mawe," alisema Mutabuzi. "Tulijaribu na saa ya ukutani. Vyote vilitoka."

"Jiwe halifikiri, Mhandisi. Saa inarudia yale yale."

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu wa jambo lenyewe. Kila ghorofa ya mnara ina kitu chake kinachohifadhiwa, na kilichohifadhiwa hakibadiliki. Mashine ilipomfunga Ambilikile iliziandika ghorofa zake arobaini kama alivyokuwa asubuhi ile, ikatia kufuli. Lakini mtu haachi kuishi. Kila wazo jipya lilitafuta pa kukaa, na pa kukaa palikuwa juu tu, kuanzia ghorofa ya arobaini na moja. Sasa kila tukitaka kumtoa, mashine inampima na kukuta amezidi. Iliingiza mtu, mle ndani kuna mtu pamoja na mwaka mzima.

Ningeweza kuiamuru isihesabu chochote kilicho juu ya arobaini. Ingekubali siku hiyo hiyo. Ambilikile angetoka mzima, kama alivyoingia, akamkumbatia mkewe. Kingebaki nyuma na kupotea kile alichokiishi ukutani. Mazungumzo yetu, yote.

"Uamuzi nakuachia wewe," alisema Mutabuzi. "Wewe ndiye uliye huko."

Nilimwambia Atuganile nakagua. Nilimwambia Ambilikile nakagua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiamka, nawasha jiko, naketi mbele ya ukuta na kuongea na rafiki pekee niliyewahi kuwa naye, na kila jioni nasema moyoni, kesho. Nilijipa sababu nzuri. Labda iko njia ya kuujumlisha mnara wote kwa mkupuo mmoja, ghorofa zote zisizo na mwisho, na kumteremsha na mwaka wake. Hesabu za namna hiyo zipo. Nilizitafuta kwa bidii, na bidii yenyewe ilinitia mashaka, maana nilifurahi kila nilipokosa.

Kulikuwa na la mama yake pia, na hilo halikuwa kisingizio. Masika yaliyopita mama alifariki Tukuyu. Atuganile alinipigia akilia, nikaenda ukutani. Kwetu habari ya msiba haitupwi. Mtu hukalishwa, hulishwa, huzungushwa na maneno ya ugonjwa na ya hospitali, mpaka moyo wake ufike wenyewe ilipo habari kabla mdomo wa mtu haujaifikisha. Nilianza hivyo. Nikasema mvua zimekuwa nyingi Tukuyu, wazee wengi wameugua. Lakini ukuta hauchukui sauti inayotetemeka, huchukua maneno tu, na Ambilikile akanijibu kwamba ndiyo, mvua za Tukuyu ni za kawaida. Nikazunguka tena, akaniuliza kama paa la kituo linavuja. Ikabidi niseme. Ambilikile, mama yako amefariki.

Ukuta ulinyamaza hata nikadhani nimempoteza. Siku nyingi baadaye ndipo alipoandika kwamba analia na hakuna kinachotoka, kwamba anainua mikono kujishika kichwa na mikono inapita. Nilikaa naye. Sikuwa na la kumwambia, nikawa namsomea majina ya waliohudhuria mazishi, kama Atuganile alivyonitajia. Na mchana mmoja akaniambia habari ya blanketi. Utotoni, mama alikuwa akija kumfunika akidhani amelala. Yeye alikuwa macho kila mara. Alifumba macho asije akamkatisha. "Sijawahi kumwambia mtu, hata yeye mwenyewe," alisema. Halafu, baada ya muda: "Basi, dada. Safari hii ni yeye anayejifanya amelala." Kuanzia hapo alitulia.

Kumtoa ni kumnyang'anya utulivu huo na kumrudisha mwanzo wa msiba. Nilijiambia hilo mara nyingi. Lilikuwa kweli, na lilinifaa mno.

*

Ile asubuhi aliyoniambia kwamba uongo siuwezi, sikwenda tena dirishani. Nilivuta kiti.

"Ambilikile, maua yamejaa," nikasema.

"Najua."

"Na mashine naweza kuifungua."

Nikamweleza mnara, arobaini, kufuli. Hakunikatisha. Alikuwa fundi, akaelewa upesi kuliko Mutabuzi.

"Kwa hiyo ndani yangu kuna wa chini na wa juu," akasema. "Anayetoka ni wa chini."

"Ndiyo."

"Na huyu anayezungumza na wewe?"

Uso wangu ulikuwa umeshajibu, lakini ukuta huchukua maneno tu. Ikabidi niseme. "Huyu anapotea."

"Nisipotoka?"

"Nitaendelea kutafuta njia ya kukuteremsha wote. Huenda ipo."

"Umeiona hata kivuli chake?"

"Hapana."

Sauti ya yule mwanamke wa treni ikasema polepole kama inavyosema kila kitu: "Juzi nilitaka kujikuna goti. Ni jambo dogo, dada. Lakini nimelitamani kuliko chakula. Mkono unapita, goti halijui. Hata mimi mwenyewe sijigusi." Kisha: "Wewe unataka nini?"

"Nataka ubaki," nikasema. "Ukiondoka sitakuwa na mtu."

"Asante kwa kusema. Ungenificha ningekuchukia, halafu ningesahau kwamba nakuchukia. Hasara tupu."

Nikacheka huku nalia, na yeye hakujua lolote kati ya hayo mawili.

"Atu ananisubiri," akasema. "Mwaka huu mimi sijazeeka, yeye amezeeka peke yake. Fungua, dada."

"Na mama?"

"Mama atakufa tena."

"Kwako, ndiyo."

"Basi safari hii usinirushie habari kama ulivyonirushia. Nilishe kwanza."

"Nilizunguka wee, ukaniuliza paa."

"Kweli lilivuja, lile paa?"

"Halijawahi kuvuja."

Tuliongea mpaka chai yangu ikapoa, mambo ya kawaida, nani atatunza jenereta, jani la mgomba lihifadhiwe vipi lisikauke. Mwishoni nikamuuliza hayo mengine yote, ya mwaka mzima, nimwambie nini yule atakayetoka.

"Mwambie mwaka umepita, lazima ajue. Mazungumzo usimbebeshe. Atakuwa mtu mwenye msiba, umwambie tena kwamba alikuwa na dada akamsahau? Hatakuwa na la kufanya. Hayo baki nayo wewe."

*

Nilimpigia Atuganile nikamweleza kwamba mumewe atatoka bila kuukumbuka mwaka huu, naye akafika siku iliyofuata, amejifunga kanga mbili juu ya sweta kwa ajili ya baridi. Ni mwanamke mfupi mwenye macho yasiyotulia. Alinikumbatia mlangoni, akaketi jikoni, akavitazama vile vikombe.

"Wifi," akasema, "la mama tunafanyaje? Nimemuuliza mjomba wake, nimemuuliza mchungaji. Hakuna mila ya kumpa mtu msiba mara mbili."

"Mwambie wewe. Wewe ni mkewe."

"Mimi nitalia tu, kama tulivyolia wote. Wewe ndiye uliyemwona akitulia. Mwambie wewe, mimi nitakuwa pembeni yake."

Kabla sijaiamuru mashine, nilikwenda ukutani. Nilikuwa na maneno mengi, nikasema "Haya, kaka." Akajibu, "Haya, dada. Chumvi mwishoni." Nikabonyeza.

Hapakuwa na mngurumo wala mwanga. Kwenye kioo sakafu ilikuwa tupu, halafu haikuwa tupu. Alisimama pale na ovaroli yake, akapepesa macho, akapiga chafya. Kisha akainama akajikuna goti. Alijikuna bila kufikiri, kama mtu yeyote, na sikuweza kuendelea kutazama.

Mlango ulipofunguka alitutazama kwa zamu.

"Imegoma?" akauliza. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza kidogo. Nilikuwa nimeshaisahau kabisa. "Atu? Umefikaje huku? Daktari, imegoma?"

"Imegoma kidogo," nikasema.

Atuganile alimshika mkono na hakuuachia. Tukampeleka jikoni, tukamketisha karibu na jiko, tukamwambia kwamba kilichokuwa kwake kufumba na kufumbua, kwetu kilikuwa mwaka. Alikwenda dirishani kuhakikisha, akaona maua, akasema si ndiyo haya haya ya asubuhi, akarudi kuketi akiwa ameduwaa. Nikafunua sufuria. Mvuke ulipanda na harufu ya jani.

Alikula kiazi kimoja, akasita kwenye cha pili.

"Daktari, nani kakufundisha kuchemsha hivi? Hivi anachemsha mama." Akatabasamu. "Mama hajambo? Aliniambia nikifika Mafinga nimpigie."

Atuganile aliinamisha kichwa. Nikavuta kiti changu mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Kaka," nikasema, na likanitoka hilo bila kupenda, "ulipokuwa humo mvua zilikuwa nyingi sana Tukuyu. Zilianza mapema. Wazee wengi waliugua kifua. Na mama naye kikambana, wakampeleka hospitali, Atuganile akawa analala naye kule..."

Sikufika mwisho. Alikuwa ananitazama usoni, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka yenyewe, na nikaona kiazi kikishuka taratibu mkononi mwake mpaka kikafika mezani. Moyo wake ulikuwa umeshafika. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu mwenye koo, mabega yakitikisika, na Atuganile akamfunika kwa mikono yake na wakalia pamoja. Mara ya kwanza nilikisoma tu kilio hicho. Sikujua kuwa kilikuwa kikubwa hivyo.

Nilingoja. Ukungu uliingia na kutoka. Alipobaki na kwikwi tu, akasema kwamba hakumuaga, kwamba angemwambia mambo fulani na hakumwambia, na nikajua ni mambo gani.

"Mama anapokuja kukufunika blanketi," nikasema, "unafumba macho usimkatishe. Safari hii ni yeye anayejifanya amelala."

Kwikwi ikakatika ghafla, akaniangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni na mgeni. Atuganile naye aliinua uso. Yeye hakuwahi kuyasikia haya. Ambilikile alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka, na nikauona kwa macho yangu ule utulivu ambao mara ya kwanza niliusoma ukutani tu.

"Maneno ya nani hayo, Daktari?"

"Ya mtu mmoja niliyekuwa nazungumza naye hapa kituoni."

"Naye alifiwa na mama?"

"Alifiwa."

Akajifuta uso kwa kiganja, akatazama vikombe vilivyopangwa rafuni, kana kwamba anatafuta kipi ni cha mtu huyo.

"Yuko wapi?"

"Amerudi kwao. Kwa mkewe."

Alitikisa kichwa polepole kukubali. Akakichukua tena kile kiazi, akakigeuza, akakila.

"Mkionana tena," akasema, "mwambie nimeshukuru."

"Nitamwambia."